Uzoefu wa Mwanasheria ni Mali ya Nani?

Serikali inapotangaza nafasi za kazi kwa wanasheria wazoefu, iwe kwa ajili ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka au kitengo cha huduma za sheria cha halmashauri kama ya Mji wa Bunda au ya Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, tangazo hutaja shahada, mafunzo ya uanasheria kwa vitendo na miaka ambayo mwombaji awe ameitumikia fani yake, lakini halisemi miaka hiyo inatakiwa iwe imemfanya mtu wa namna gani. Katiba yenyewe inahesabu miaka: anayeteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu au Mkurugenzi wa Mashtaka anatakiwa awe amekuwa na sifa za kisheria kwa muda usiopungua miaka 10, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali miaka isiyopungua 15. Hesabu hiyo inaacha wazi swali la kimaadili, ambalo kwa muumini ni la kidini pia. Maarifa ambayo mwanasheria ameyachuma kwa miaka ya kushinda na kushindwa mahakamani, akiisha kuajiriwa na dola, ni silaha ya mwajiri wake, ni mali yake binafsi aliyoiuza kwa mshahara, au ni amana ya watu wote, wakiwemo wale anaosimama dhidi yao?

Kwanza ieleweke ni nani anayezungumziwa. Wakili wa Serikali ni mwanasheria aliyeajiriwa na dola na kupewa mamlaka ya kusimama mahakamani kwa niaba yake, naye hupanda daraja hadi kuwa Mwandamizi na hatimaye Wakili wa Serikali Mkuu. Tangu Februari 2018 kazi hizo zimegawanywa katika ofisi tatu: Mwanasheria Mkuu anaishauri Serikali na kuandaa miswada, Wakili Mkuu wa Serikali, ambaye si yule wa daraja la Wakili wa Serikali Mkuu, anasimamia mashauri ya madai na usuluhishi, na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, inabeba makosa ya jinai. Wakili wa kujitegemea ana mteja mwenye jina na uso, ambaye amemlipa na ambaye anaweza kumfukuza. Mteja wa Wakili wa Serikali ni Jamhuri, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu Jamhuri ni wananchi wote kwa pamoja, na mshtakiwa aliyesimama kizimbani ni mmoja wao. Ndiyo maana ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, katika kila analofanya, azingatie nia ya kutenda haki, azuie matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki na aangalie maslahi ya umma, wala haimtaki popote ahakikishe kwamba upande wake unashinda.

Maneno hayo hubaki hewani mpaka yatazamwe ndani ya jalada. Wilaya ya Bunda inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kutoka mpaka huo hutiririka mashauri ya aina moja yasiyokwisha: mtu amekamatwa na askari wa hifadhi, naye anashtakiwa kwa kuingia hifadhini bila kibali, kwa kukutwa humo na silaha, ambazo kwa kawaida ni panga, kisu na mtego wa waya, na kwa kukutwa na nyara za Serikali, yaani mnyamapori au sehemu yake, hata kama ni paja moja la nyumbu. Kosa hilo la mwisho ndilo zito, kwani adhabu yake huweza kufikia miaka 20 jela na zaidi. Lakini nyama huoza, na shauri haliwezi kumalizika kabla nyama haijaharibika, kwa hiyo sheria inaruhusu kielelezo cha namna hiyo kipelekwe mapema kwa hakimu, kiorodheshwe katika hati maalumu, kisha kiteketezwe kwa amri yake, na baadaye hati isimame mahakamani mahali pa nyama. Kanuni za Kudumu za Jeshi la Polisi, namba 229, zinataka mshtakiwa apelekwe mbele ya hakimu pamoja na kielelezo hicho, na Mahakama ya Rufani imeeleza katika hukumu zaidi ya moja kwamba hati iliyotolewa bila mshtakiwa kuwapo na kupewa nafasi ya kusema neno haiwezi kutumika dhidi yake. Hati ikiondolewa kwenye kumbukumbu, mara nyingi hakuna tena kinachothibitisha kwamba kulikuwa na nyara.

Jalada kama hilo likifika mezani, mwanasheria mgeni husoma maelezo ya askari, huangalia kama tarehe zinapatana na kama mthamini wa wanyamapori ametaja thamani ya mnyama, kisha huandaa mashahidi wake. Mzoefu hufunua moja kwa moja ile hati ya uteketezaji na kutafuta chini yake alama ya dole gumba au saini ya mshtakiwa, na maneno yanayoonyesha kwamba hakimu alimuuliza kitu naye akajibu. Asipoyaona, amekwisha kujua jambo ambalo mshtakiwa hatalijua kamwe, kwa sababu washtakiwa wengi wa makosa haya hujitetea wenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, lakini mtu anayeweza kuitumia ni yule ambaye tayari ameambiwa kwamba ipo. Hakimu naye, akiwa na mashauri mengi kwa siku moja, anaweza asilione pengo lisilotajwa na yeyote. Kwa dakika hizo chache, kifungo cha miaka 20 kinaning'inia juu ya kitu kimoja tu, nacho ni dhamiri ya mtu aliyeajiriwa na upande wa pili.

Taratibu za Tanzania zinampa mtu huyo njia mbili za heshima. Kabla ya hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuliondoa shauri, na Wakili wa Serikali anaweza kushauri hivyo kwa maandishi. Baada ya hukumu, shauri likifika Mahakama Kuu mjini Musoma kwa rufani, mara nyingi likiwa na sababu zilizoandikwa gerezani na watu wasiojua sheria, Wakili wa Serikali anayeiwakilisha Jamhuri kama mjibu rufani anaweza kusimama na kusema kwamba anaiunga mkono rufani, kisha akaieleza mahakama kosa ambalo mrufani mwenyewe hakulitaja. Hukumu za mahakama za juu zimejaa sentensi fupi inayosema kwamba Wakili wa Serikali aliunga mkono rufani, na msomaji wa haraka huipita. Sentensi hiyo inastahili kusomwa polepole, kwa maana ni mojawapo ya mahali pachache katika utumishi wa umma ambapo mtu analipwa na dola, kwa haki kabisa, ili aiambie dola mbele ya hadhara kwamba imekosea.

Dini zilizokita mizizi Mara zina neno zito juu ya jambo hili, na inashangaza jinsi zinavyokutana. Katika Injili ya Luka, sura ya 11, lawama ya mwisho ya Yesu kwa wanasheria wa wakati wake haihusu uongo wala rushwa. Wanalaumiwa kwa sababu wameuondoa ufunguo wa maarifa, hawakuingia wenyewe na wakawazuia waliokuwa wakiingia. Katika Kurani, Suratul Baqara inakataza kuificha kweli hali mtu anaijua, na Suratun Nisaa inaunganisha katika aya moja amri ya kurudisha amana kwa wenyewe na amri ya kuhukumu kwa uadilifu, kana kwamba kuhukumu ni namna mojawapo ya kurudisha kitu ambacho hakikuwa chako. Mafundisho yote mawili yanaliweka kosa mahali ambapo sheria za nchi haziliweki. Kwa sheria, mwanasheria aliyenyamaza juu ya hati isiyo na dole gumba hakusema uongo wala hakughushi chochote. Kwa maandiko hayo, amekalia kitu cha mtu mwingine.

Mara ina pia urithi mwingine wa kidini ambao hauwezi kupitwa kimya katika mjadala huu. Wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati mwaka 1934, wakajenga vituo vingine, kikiwemo Bukiroba karibu na Musoma, na walitoka katika ukoo wa imani ambao mwaka 1527, kwa Ungamo la Schleitheim, ulitamka kwamba Mkristo hapaswi kuwa hakimu, kubeba upanga wa dola wala kula kiapo. Wazee wale wa Ulaya walikuwa wakiteswa na mahakama za wakati wao, nao waliona kwamba anayekubali cheo cha dola hukubali, mapema au baadaye, kufanya kwa jina la dola yale ambayo asingeyafanya kwa jina lake. Wamennonite wa Tanzania leo wamo katika utumishi wa umma kama raia wengine, lakini hofu ya mababu zao wa imani haijapitwa na wakati, na yeyote anayejaza fomu ya kuomba kazi ya Wakili wa Serikali angefanya vyema kukaa nayo kidogo. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba mwenye dhamiri akikataa kiti, atakikalia asiye nayo, na jalada litasomwa vibaya zaidi. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi, kwa kuwa hata mwovu huweza kulitumia kujihalalishia kila siku moja zaidi kazini. Litatosha tu kwa mtu ambaye ameshaamua, kabla ya kuajiriwa, ni jalada lipi hatalisaini.

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba hatari hiyo haikuondoka na wakoloni. Mwaka 1958 Julius Nyerere, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Butiama, alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wa kikoloni katika jarida la Sauti ya TANU, akatetewa na mawakili akiwemo D. N. Pritt kutoka Uingereza, na akahukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Waliomshtaki walikuwa wanasheria wa serikali waliojua kazi yao, waliokuwa na sheria halali mkononi, na shauri waliloshinda limebaki doa kwa serikali iliyolifungua. Miaka minne baadaye, mwaka 1962, serikali aliyokuwa ameiongoza hadi uhuru ilitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyoruhusu mtu kufungiwa bila kushtakiwa, na sheria hiyo nayo iliandikwa na wanasheria wazoefu kwa lugha safi ya kisheria. Heshima kubwa anayostahili Nyerere, ambaye Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumwombea kutangazwa mwenye heri, haihitaji jambo hili lifichwe. Kinyume chake, linafundisha kwamba hata kiongozi mwadilifu anahitaji karibu naye mwanasheria awezaye kusema hapana, na kwamba uadilifu wa mkuu hauwezi kufanya kazi hiyo kwa niaba ya walio chini yake.

Bunda ndiko alikotoka mtu ambaye maisha yake yanaonyesha upande wa pili wa suala hili. Joseph Sinde Warioba, aliyezaliwa mwaka 1940 na kuhitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, alianzia kazi katika daraja la Wakili wa Serikali, akawa Mwanasheria Mkuu kuanzia 1976, Waziri wa Sheria kuanzia 1983, Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, na baadaye Jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Alikuwa Waziri wa Sheria wakati marekebisho ya Katiba ya 1984 yalipoingiza kwa mara ya kwanza orodha ya haki za binadamu, ambayo Tanganyika ilijitawala bila kuwa nayo. Mwaka 1996 aliongoza tume ya rais iliyochunguza rushwa, na kuanzia 2012 akaongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, iliyopendekeza muundo wa Muungano wenye serikali tatu, pendekezo ambalo chama alichokitumikia kwa miaka mingi hakikulitaka. Mtu anaweza kuupinga muundo huo kwa hoja nzuri, na wengi wanaupinga, lakini ni vigumu kukana kwamba hapo uzoefu wa miaka mingi serikalini ulitumika kuieleza Serikali kile ambacho tume iliona kuwa wananchi wamekisema. Hiyo ndiyo maana kamili ya uzoefu kuwa amana: uliokusanywa ndani ya nyumba ya dola, kisha ukatumika hata pale ambapo mwenye nyumba hakupendezwa.

Ipo hoja ya kupinga yote haya, na haifai kudharauliwa. Dola hushitakiwa, tena na wenye nguvu kuliko yenyewe. Ndege ya Shirika la Ndege la Tanzania ilizuiwa Johannesburg mwaka 2019 kwa sababu ya deni ambalo mtu mmoja aliidai Serikali, na mwaka 2023 baraza la usuluhishi wa kimataifa liliiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola milioni 109 kwa kampuni za uchimbaji zilizoongozwa na Indiana Resources ya Australia, shauri lililomalizwa mwaka uliofuata kwa makubaliano ya dola milioni 90. Fedha hizo zilikuwa za zahanati na visima, na nchi inayokwenda katika mabaraza hayo bila wanasheria waliokomaa inawaibia raia wake kwa uzembe. Katika vita kama hivyo, Wakili wa Serikali ana haki ya kupigana kwa kila kifungu, kwa sababu aliye mbele yake ana mawakili wengi na wa gharama. Kosa hutokea pale ujuzi ulionolewa kwa ajili ya vita hivyo unaporudishwa nyumbani na kuelekezwa kwa mwanakijiji.

Mfano wake ni pingamizi la awali, yaani hoja inayotolewa mwanzoni kabisa ili shauri litupwe kabla ushahidi haujasikilizwa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri anapaswa kutoa notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri lake Mahakama Kuu. Katika Kata ya Nyatwali wilayani Bunda, ambako wananchi walitakiwa kuhama ili ardhi yao iiunganishe Serengeti na Ziwa Viktoria, neno fidia lilikuwa midomoni mwa watu kwa muda mrefu, na sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Mtu wa mahali kama hapo anayeona kwamba mti wake au nyumba yake haikuhesabiwa katika fomu ya uthamini anaweza kuwa na madai ya kweli kabisa na bado akashindwa kwa kuikosea notisi. Nyerere, aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa amewapa wasomaji wa Kiswahili mfano wa mahakama inayomshinda mgeni kwa kusoma mkataba kwa ukali kuliko yeye mwenyewe alivyousoma, na msomaji makini hatoki katika tamthilia hiyo akiwa na amani juu ya huruma iliyohubiriwa humo.

Haitakuwa sahihi kusema kwamba Wakili wa Serikali asitoe pingamizi kamwe. Mamlaka ya mahakama hayatokani na ukarimu wa mawakili, na shauri lililofunguliwa mahali pasipostahili haliwezi kuhukumiwa hapo. Lakini ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayokwamisha haki, na roho hiyo inamfunga pia afisa anayepokea barua ya malalamiko miezi kadhaa kabla ya shauri. Siku 90 za notisi ziliwekwa ili Serikali ipate muda wa kuchunguza na kujibu. Mwanasheria wa halmashauri anayeiona kasoro katika barua hiyo ana wajibu wa kuieleza wakati bado inaweza kusahihishwa, na kuutumia muda uliobaki kwenda kuuangalia huo mti. Anayenyamaza na kuingoja kasoro hiyo mahakamani ameitumia notisi kama mtego.

Aristotle aliandika kwamba kijana anaweza kuwa bingwa wa hesabu lakini hawezi kuwa na busara ya matendo, yaani uwezo wa kutambua lipi lifanyike katika jambo hili, kwa mtu huyu, wakati huu, kwa sababu busara hiyo inahusu mambo mahususi, nayo huzaliwa na muda. Kwa msingi huo, sharti la miaka katika matangazo ya kazi lina hekima ya kale. Hata hivyo yeye mwenyewe aliitenga busara na werevu, kwa kuwa werevu ni uwezo wa kufikia lengo lolote, liwe jema au baya, na miaka ileile inayomkomaza mmoja humfanya mwingine awe mwerevu tu. Aliyekaa miaka 15 akiona majalada yasiyo na dole gumba yakipita anaweza kuwa amejifunza kuyaona, na anaweza vilevile kuwa amejifunza kutoyaona, na wasifu wa mwombaji hautofautishi kati ya hao wawili.

Nyerere aliwahi kuwafananisha waliosomeshwa na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta chakula kutoka mbali. Mfano huo unamwangukia mwanasheria mzoefu wa Serikali kwa uzito wa pekee, kwa maana hata makosa yake ya ujana, yale yaliyomfundisha, yalilipwa na washtakiwa na wadai waliokuwa mbele yake alipokuwa bado hajui. Uzoefu huo ukikusanywa Dodoma na Dar es Salaam peke yake, kwa ajili ya mikataba na mabaraza ya nje, kijiji kitakuwa kimegharamia safari ya mtu asiyerudi. Wenye madaraja ya juu wanahitajika Musoma, ambako rufani za wafungwa wa mpakani mwa hifadhi husikilizwa, na wanahitajika Bunda na Butiama, ambako jalada bado ni jepesi na linaweza kurekebishwa kwa simu moja. Usaili wa nafasi hizo nao unaweza kubadilika bila kutunga sheria mpya. Mwombaji anayeulizwa mashauri aliyoshinda aulizwe pia, bila kutaja majina ya wahusika, ni jalada gani alishauri lifungwe, ni rufani gani aliiunga mkono akiwa upande wa Jamhuri, na alimwandikia nini mkuu wake siku hiyo. Na mwenye miaka 10 kazini asiyekumbuka hata moja aulizwe amekuwa akiyasoma vipi majalada yake.